Mkunga na Miche ya Hoho

Mkunga mstaafu wa Khayega hamgusi mgonjwa kabla ya kunawa mikono, hata mgonjwa akiwa mche wa pilipili hoho. Chumbani kwa Muhonja, chini ya taa, miche yote mikebeni ilikuwa imelegea na kupauka. Mkunga akageuza jani polepole, akachomoa mche mmoja, akanusa mizizi.

“Inaoza. Maji yamezidi.”

“Lakini mimi namwagilianga kidogo tu!” Muhonja akalalamika.

Mkunga akamwona mama mkwe wa Muhonja mlangoni, ameshika kikombe kinachodondosha maji. Hakumtaja.

“Taa nayo iko mbali,” akasema, kisha akalainisha sauti kama anayemtuliza mwenye uchungu. “Mama, tusaidie. Maji mwachie huyu. Wewe uwe unageuza mikebe, kila mche upate mwanga.”

“Basi nileteeni kiti,” akajibu kikongwe. “Hiyo kazi ni mingi.”