Kifuniko cha Mashine ya Kanja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya mashine za kilimo mjini Meru, Mkuu wa Chumba cha Michoro aliweka mezani shafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha mashine, akaniambia unene wake ni milimita ishirini na tano. Nikaandika. Alingoja nimalize, kisha akanisukumia vania, kile chombo chenye taya mbili cha kupimia unene wa chuma. Nilipopima, haikufika ishirini na tano. Ilikuwa imelika upande mmoja kwa kuzunguka ndani ya beringi miaka mingi.

"Kuanzia leo usiniamini," akasema. "Hata mimi mkubwa wako."

Hakuhitaji kunifundisha mara mbili. Nilizaliwa na shaka. Mama yangu, pale nyumbani Kaaga, alizoea kusema kwamba nikipewa maziwa nauliza kwanza ng'ombe ni wa nani. Wengine walioniona hivyo walisema sitaolewa, nami nikaolewa, ila nilichunguza sana.

Wakati huo tulichora kwa penseli juu ya ubao mkubwa ulioinama. Kila mashine tuliichora mara tatu: ikitazamwa kutoka mbele, kutoka juu na kutoka ubavuni. Fundi wa kuchomelea alisimama mbele ya karatasi hizo tatu na kuijenga mashine kichwani mwake kabla hajagusa chuma. Wakati mwingine kichwa chake kilijenga kitu kingine kabisa. Kwa hiyo nilikuwa nashuka karakanani kila asubuhi kuona wanachofanya, jambo ambalo mafundi hawakulipenda hata kidogo.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Embu. Meneja wa Tawi, mtu wa suti na haraka nyingi, alinikaribisha vizuri, nikauliza ubao wangu wa kuchorea uko wapi. Ulikuwa jikoni umebeba vikombe vya chai. Mahali pake palikuwa na kompyuta, na kando ya kompyuta kijana anayeitwa Munene, aliyeletwa kunifundisha kuitumia.

Nilimshuku papo hapo. Mbona kijana anayejua kompyuta anataka kujua pia visu vya mashine vinakaa pembe gani, na mkanda unakazwa vipi? Nikaona mpango wote: nimwage yaliyo kichwani mwangu ndani ya kompyuta, kisha niambiwe asante na kwaheri. Wiki za mwanzo nilimpa maelezo nusunusu. Yeye alivumilia, mpaka siku moja akaniambia kwa upole, "Madam, kazi yako siitaki. Mimi nataka tu uache kushika mausi kama itakuuma."

Nilicheka, na tangu hapo nikaanza kujifunza kweli. Ninyi mnaoingia kazi hii leo mnaona mambo haya ni mepesi, lakini kwangu ilikuwa kama kujifunza kuvaa viatu upya. Kila kipande unakitengeneza peke yake: shafti, puli inayozungushwa na mkanda, gurudumu la visu, bolti, hata nati. Halafu unaviita vyote mahali pamoja, nao mkusanyiko huo unaitwa asembli. Vipande vikishaingia vinaelea ovyo, mpaka uvifunge kwa masharti. Unaiambia kompyuta kwamba shafti hii na tundu hili vina kitovu kimoja, na uso huu umelalia uso ule. Sharti likipungua kipande kinacheza, likizidi kinakataa kusogea. Ukifunga sawasawa, shafti inabaki na uhuru mmoja tu, wa kuzunguka. Hapo ndipo unaiwekea mota ya kuigiza, unapanga saa ya kila mwendo kwenye mstari ulio chini ya skrini, na mashine ambayo haijazaliwa inaanza kufanya kazi.

Mara ya kwanza kuona mashine yangu ikizunguka, machozi yalinilengalenga. Sioni haya kusema. Kisha nikatazama kwa makini nikaona kisu kinapita katikati ya mdomo wa chuma wa kulishia nyasi, bila kelele, bila cheche, kinatokea upande wa pili kizima. Nikamuuliza Munene hii ni mashine au ni jini. Akanionyesha mahali pa kuiamuru kompyuta itafute vipande vinavyogongana, na mara ile pale palipokosewa pakawaka rangi nyekundu. Kumbe ilijua muda wote. Haikusema kwa sababu hakuna aliyeiuliza. Tangu siku hiyo nikaitendea kama shahidi mjanja mahakamani: jibu atakupa, lakini swali ni lako.

Basi kukaja kikundi cha wafugaji wa Kanja, wengi wao akina mama wenye ng'ombe mmoja au wawili, waliotaka mashine ya kukata nyasi za mifugo. Mashine hiyo naiogopa tangu utotoni. Shangazi yangu wa Kianjai aliacha vidole viwili kwenye moja, na mpaka alipofariki alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo nilipoichora hiyo ya Kanja nililizingira gurudumu lote la visu kwa kifuniko cha bati zito, kilichofungwa kwa bolti. Meneja akataka animesheni ya kuwaonyesha wateja kwenye simu. Nilipomletea, uso wake ulikunjamana.

"Madam, hapa naona boksi linatetemeka," akasema. "Mteja anataka kuona visu. Ficha hiyo kifuniko."

Kukificha kipande ni jambo la kubonyeza tu. Kipo kwenye asembli, kipo kwenye michoro ya mafundi, ila macho hayakioni. Moyo wangu haukukubali, nikamwambia kwamba watu huamini wanachoonyeshwa. Akanijibu kwamba mashine itakwenda Kanja na kifuniko chake, sasa shida yangu ni nini. Yeye alikuwa mkubwa. Visu viliangaza, nyasi za kijani zikaruka, na akina mama wa Kanja wakakubali mashine siku hiyohiyo.

Mashine ilipokwisha kwenda sikutulia. Nilijiombea ruhusa, nikaenda Kanja kuiona kwa macho yangu. Niliikuta kwenye boma la mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mwembamba mwenye sauti kavu, jina lake Wawira. Alikuwa anasukuma nyasi mdomoni mwa mashine, leso imening'inia begani, na karibu na kiwiko chake visu vilikuwa vinazunguka wazi kabisa. Kifuniko hakikuwapo.

Nilimpungia mkono azime. Hapohapo nikampigia simu Mkuu wa Karakana, maana bati zuri lina wapenzi wengi, nami nilikuwa na hakika amelipeleka kwingine. Aliapa kwamba alikifunga kwa mikono yake. Nikiwa bado namhoji nikaona kuku wanakunywa maji ndani ya kitu kipana cha bati, rangi yake ile yetu ya kijani, kimelazwa chali kando ya zizi. Nilikata simu bila kuaga.

Nikamuuliza Wawira nani amekitoa. Alisema ni yeye, na alisema bila aibu.

"Kwa simu mlituonyesha visu," akaniambia. "Hii mumeleta ikiwa imefungwa. Nikasema hawa watu wameweka visu za zamani, wakafunika. Si ungefikiria hivyo?"

Nikaanza kumweleza habari ya animesheni, ya kipande kilichofichwa ili watu waone ndani. Nilijisikia nikisema, na maneno yangu mwenyewe yalinukia ulaghai. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, sema tu ukweli," akasema. "Wewe ungenunua ng'ombe amefunikwa blanketi?"

Nisingemnunua. Maisha yangu yote nilikuwa nafunua mablanketi ya watu, na sasa mwenzangu ndiye aliyesimama mbele yangu, shaka yake ni ileile yangu, nayo ilikuwa inampeleka kwenye visu. Niliogopa sana siku hiyo. Mjinga ungemkemea akasikia. Mtu mwenye akili anayekushuku humwondoi pale kwa kumkemea.

Niliacha kueleza. Tuliondoa mkanda kwenye puli ili gurudumu lisiweze kuzunguka, nikampa nafasi avikague visu kimoja kimoja. Alivipitishia ukucha kwenye makali, akavigonga na kusikiliza, akalamba kidole akasugua chuma kuona kama rangi itatoka. Sikumharakisha. Aliporidhika aliwafukuza kuku, akamwaga maji, tukakirudisha kifuniko pamoja. Alitoa sharti moja tu, spana ibaki kwake, ili akitaka kufungua asiombe ruhusa ya mtu wa Embu. Nikamwachia yangu, nikamwambia kabla ya kufungua atoe mkanda kwanza.

Niliporudi niliifanya animesheni upya. Mashine inaanza ikiwa na kifuniko chake. Mkanda unatoka, bolti zinafunguka moja moja, kifuniko kinainuka na visu vinaonekana vimetulia tuli. Kisha kila kitu kinarudi mahali pake, na hapo ndipo mota inawaka. Meneja alinung'unika kwamba nimetengeneza sinema ya bolti. Munene ndiye aliyemjibu, akisema afadhali sinema ya bolti kuliko ya hospitali. Ilitumika hiyohiyo mpaka nikastaafu.

Sasa niko Kaaga, nina migomba yangu na wajukuu wanaoniletea simu zao nizitazame. Vijana hunijia kuuliza ni programu gani nzuri. Huwajibu kwamba zote hukuonyesha unachotaka kuona, kwa hiyo jihadhari zaidi na unachotaka. Wengine huondoka wakidhani nimezeeka vibaya.

Juzi Wawira alinitumia picha ya mashine yake. Bolti ya kisu kimoja ilikatika ikiwa kazini, kisu kikang'oka, na kifuniko kilikuwa kimevimba kutoka ndani. Nami, kama kawaida yangu, sikuiamini. Siku hizi picha hutengenezwa kirahisi, na mimi ni miongoni mwa waliojifunza kuzitengeneza. Nikapanda gari nikaenda Kanja.

Ilikuwa kweli. Bati lilikuwa limesukumwa nje kwa nguvu, limepasuka kidogo tu, halikupasuka lote. Nilimwomba Wawira asimame anaposimama akilisha mashine. Alicheka, akaja, akasimama, akashika nyasi za kujifanya. Uvimbe ule ulikuwa usawa wa titi lake la kushoto.