Maziwa ya Mama Niliyoyamwaga Motoni

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, miaka ile ya sabini kijijini kwetu Titye, hakuna mtu niliyemwonea wivu kama mdogo wangu Yosia. Hata meno alikuwa hajaota. Tangu azaliwe, mapaja ya Mama yalikuwa yake, na mimi nikageuzwa yaya. Mama akienda kupalilia maharage, kazi yangu ilikuwa kumbeba Yosia mgongoni mpaka shambani kila alipolia njaa, kisha kukaa juani nikimtazama anavyonyonya huku akinichungulia kwa jicho moja. Ningeweza kuapa kwamba ananicheka.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa na miiko yake. Mama akikamua maziwa yaliyomzidi, yalimwagwa kwenye shina la mgomba.

"Yasiguse moto," alituonya. "Yakiungua, matiti ya mama yenu yatakauka."

Yeye alikuwa anaonya. Mimi nilisikia maelekezo.

Asubuhi moja nilipewa kikombe nikamwage mgombani. Nilikata kona nikaingia jikoni, nikayamimina kwenye makaa. Ili mambo yaende haraka, siku mbili sikumpeleka Yosia shambani. Nilimshindilia uji mpaka akalala.

Siku ya tatu Mama hakuweza kuinuka. Titi la kushoto lilikuwa limevimba, gumu, na mwili wote ulitetemeka kwa homa. Nilijua nimemuua mama yangu. Nilimkimbilia Bibi uani, nikamwambia yote, makaa na uji.

Hakunipiga. "Hayakukauka hayo," alisema. "Yamelala ndani. Maziwa yasiponyonywa humgeukia mwenyewe. Mlete mtoto, mwanangu. Dawa ni yeye."

Nilimbeba Yosia, nikamweka kwenye titi lile bovu. Mama aliuma upindo wa kitenge kwa maumivu. Siku hiyo na iliyofuata nilimpeleka na kumrudisha, nikimbembeleza anyonye zaidi, yule yule niliyetaka anyimwe. Homa ikashuka.

Baadaye nikawa mkunga. Nilifundishwa kwamba moto haukaushi titi la mtu, lakini kunyonyesha humlinda mama mwenyewe hata miaka mingi baada ya kumwachisha mtoto: hupunguza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, na ya kisukari pia. Nimewaeleza hayo wanawake wa Kasulu maisha yangu yote ya kazi, na kila mara wivu wa zamani ulinipanda. Kitoto kisicho na meno kilimfaa mama yangu kuliko mimi.

Mwaka jana nilimwambia Mama hivyo. Anakaribia themanini na bado anapalilia maharage yake.

Alicheka. "Kwani wewe hukuninyonya? Miaka miwili, na kuacha hukutaka. Mpaka nikajipaka pilipili."

Miaka miwili mizima, na sikumbuki hata siku moja. Nilijikuta namwonea wivu hata mtoto huyo niliyekuwa mimi.