Shukrani za Tunu Mbele ya Boma

Tunu alikuwa mpika vitumbua katika mtaa wa Waswahili, chini kidogo ya boma la Wadachi, yaani Wajerumani, pale Arusha. Mumewe, askari wa Kimanyema, alikufa kwa homa akamwachia nyumba ya udongo ya vyumba viwili. Mguu wa kushoto wa Tunu ulikuwa na kovu refu kutoka kisigino hadi kwenye kifundo, na akitembea alichechemea. Watu walimpenda kwa vitumbua vyake, na kwa kuwa hakuwa na tabia ya kutangaza habari za watu.

Kunyamaza huko kulimtesa, maana kulikuwa na habari moja aliyoishi nayo miaka minne, tangu Akida Abdulrahim bin Nasoro alipoletwa kutoka pwani kuja kuamua mashauri ya mji.

Akida alivaa joho jeusi lenye nakshi, kilemba kichwani, jambia kiunoni. Kila akikaa barazani alianza na nasaba yake: baba yake Nasoro alikuwa na jumba la mawe Pangani, babu yake alitoka Maskati. Wazee waliofika na kesi zao za ng'ombe na mipaka, wengine wametembea toka Terrat au Oldonyo Sambu tangu alfajiri, walisimama juani mpaka nasaba iishe. Baada ya hapo, kusema kweli, aliamua kwa haki. Hakupokea mbuzi wa mtu. Lakini wazee walimcheka njiani wakirudi. "Huyu bwana," walisema, "hata akipiga chafya anamtaja babu yake."

Tunu alimtambua siku ya kwanza. Sikio lake la kulia lilikuwa limekatika ncha. Alikuwa Feruzi.

Miaka kumi na miwili kabla ya siku hiyo, Wadachi wakiwa bado hawajajenga boma, Tunu alikuwa msichana mdogo, mtumwa, akibeba vyungu katika msafara uliotoka Pangani kwenda bara. Feruzi alikuwa mtumwa vilevile, kijana wa miaka kumi na minane hivi, na mzigo wake ulikuwa nyaya za shaba. Walipokaribia mto Kikuletwa, Tunu alikatwa kisigino na jiwe. Mguu ukavimba, ukatunga usaha. Mkuu wa msafara akaamuru aachwe njiani.

Feruzi hakubishana naye. Alifikisha mzigo wake kambini, kisha akageuka peke yake, akamfuata Tunu alipoachwa, akamweka mgongoni. Kesho yake akafanya vivyo hivyo: nyaya kwanza, halafu mtoto. Siku ya tatu waliingia kwenye migomba ya Wameru, na mbele ya nyumba ya mama mmoja aitwaye Ndeshi akapiga magoti. Hakujua neno la Kimeru. Alivua kaniki yake, nguo pekee aliyokuwa nayo, akamfunika nayo yule mtoto, akamwonyesha Ndeshi ule mguu. Ndeshi akaelewa. Tunu alipopata fahamu, homa imeshuka, msafara ulikuwa umekwenda zake, na Feruzi pamoja nao. Ndeshi alimlea kama binti yake mpaka akaolewa.

Kwa hiyo Akida alipokuja, Tunu alitaka kumkimbilia amwambie asante. Lakini angemwambiaje? Kumshukuru ni kumvua joho mbele za watu. Naye Akida aliuona ule mguu, akaangalia pembeni. Tangu hapo alituma watu kununua vitumbua, mwenyewe hakukanyaga mlangoni.

Ndipo mtu mmoja aliyeutamani uakida akapeleka barua bomani kwamba Abdulrahim hana nasaba yoyote, alikuwa mpagazi na mtumwa, na kwamba Tunu mjane wa askari alikuwa naye katika msafara mmoja. Bwana Mkubwa wa boma akaamuru Tunu aitwe.

Alasiri ya siku ile ile Akida akaja mwenyewe, bila mtumishi. Alikaa kwenye kigoda kando ya jiko, joho likaingia majivu.

"Bibi Tunu, utasema nini kesho?"

"Nitakachoulizwa."

"Sema uliwahi kuliona jumba la baba yangu. Neno hilo tu. Sitakuomba jingine maishani."

Tunu aliepua kitumbua, akakiweka kwenye ungo. "Feruzi, ndugu yangu," alisema, na yule mtu akashtuka kama aliyepigwa kibao, "jumba hilo silijui. Ninaujua mgongo wako. Jambo jema kuliko yote ninayoyajua juu yako umelifukia wewe mwenyewe. Umeninyima hata nafasi ya kukushukuru."

"Shukrani yako itanimaliza."

"Huenda. Lakini uongo mimi siuwezi."

Akida alisimama akatoka. Hakugusa hata kitumbua kimoja.

Asubuhi uwanja wa boma ulijaa. Bwana Mkubwa alikuwa mezani; Kiswahili alikijua, ila alikikatakata. Alimkumbusha Tunu kwamba shahidi mwongo hupewa kiboko.

"Mtu huyu unamjua?"

"Namjua, Bwana."

"Ni mtoto wa nani?"

"Hilo silijui. Wala yeye nadhani halijui, maana tulichukuliwa wadogo. Alikuwa mpagazi, mtumwa kama mimi. Alibeba nyaya."

Watu wakaguna. Aliyeandika barua akatabasamu. Akida alitazama chini.

"Lakini sijamaliza, Bwana," Tunu akasema. Akavuta kanga juu kidogo, kovu likaonekana. Akasimulia yote: mto, jiwe, mgongo, safari mbili kila siku, kaniki. Mwisho akamgeukia Akida. "Nimekaa na neno hili miaka kumi na sita. Asante. Niko hai kwa sababu yako. Mungu akulipe."

Akida alifunika uso kwa kilemba chake, mabega yakacheza.

Mzee Simel wa Terrat, ambaye zamani alikuwa wa kwanza kumcheka, alisema kwa sauti: "Kumbe ametembea kwa miguu kama sisi! Kwa nini alituficha mtu huyu akatuletea yule wa Maskati?"

Bwana Mkubwa hakutaka maneno mengi. Alisema karatasi ya serikali ya kumpa uakida imeandikwa nasaba ya uongo, na uakida ukatwaliwa siku ile ile. Lakini kwa kuwa mkono wa Feruzi wa kuandika ulikuwa mzuri, wakambakiza bomani kama karani. Na aliyeandika barua hakupata alichokitaka. Akida mpya aliletwa kutoka mahali pengine.

Feruzi alikaa miezi mitatu bila kusema na Tunu. Hilo lilimuuma Tunu, na mara mbili tatu alijiuliza kama hakufanya vibaya. Kisha siku moja ya mvua ndogo aliona watu watatu wamesimama chini ya paa la nyumba yake. Simel alikuwa na jirani yake, wamegombania kisima, na Feruzi katikati yao, amevaa kanzu iliyofifia.

"Akida mpya hatumjui," Simel alieleza. "Tunamtaka huyu. Amekubali, ila amesema hakai kuamua shauri mahali pengine, ni hapa kwako."

"Ukituruhusu, dada," Feruzi akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Tunu alijibu kwa kuwatandikia mkeka. Kesi ya kisima ilikwisha kabla mvua haijakatika, pande zote zikaridhika, na Feruzi akala vitumbua sita, akaomba na cha saba.