Shangazi Mara Tatu

Shangazi yangu alikuwa muuguzi wa kwanza kuajiriwa katika hospitali ya mji wetu, enzi ambazo wadi ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda kumi na viwili na dirisha lisilofungika. Wenzake walimwita Mara Tatu. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa alisoma lebo kwa sauti mara tatu: akiitoa chupa rafuni, akivuta dawa kwenye sindano, na tena akiwa kando ya kitanda. Chupa zote zilikuwa za kahawia, za kimo kimoja, na mtunza stoo alizipanga alivyojisikia.

"Sista, kwani hujui kusoma?" daktari alimtania mbele ya wagonjwa.

"Najua, dokta. Ndiyo maana nasoma."

Walicheka, wakaiga sauti yake koridoni. Yeye alitia pamba masikioni. Wauguzi aliowafundisha walisoma kama yeye, wapende wasipende, na nao wakawafundisha wengine.

Nyumbani tulimchoka. Hata kopo la sukari alilisoma kabla ya kutia sukari kwenye chai, nasi watoto tukimwitikia kwa dhihaka. Mimi ndiye niliyeongoza, sitaficha.

Mwezi uliopita alilazwa kwa homa ya mapafu, katika hospitali ile ile, sasa ya ghorofa tatu. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Penisilini humvimbisha koo, na jambo hilo limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye faili lake. Tulisubiri sindano tangu asubuhi, na mimi subira si fungu langu. Nesi kijana alipoingia na toroli lenye trei mbili, nikamvaa.

"Mwanangu, mchome basi! Mgonjwa anateseka hapa."

"Dakika moja tu, mama."

Akainua kichupa kilicholala kando ya sindano, akasoma kwa sauti: "Penisilini." Akalitazama faili. Akakirudisha kichupa kwenye trei.

"Samahani sana, mama. Hii ni ya kitanda cha pili. Nimechukua trei siyo."

Nilikaa chini. Haraka yangu ingemuua shangazi yangu mchana kweupe, huku nimemshika mkono. Nilimshukuru Mungu, kisha nikamshukuru yule binti mpaka akaona aibu.

"Nani alikufundisha kusoma tena kitandani?" nilimuuliza.

"Ndivyo tunavyofanya hapa, mama. Mara tatu. Sijui nani alianzisha."

Nikafungua mdomo nimwambie. Shangazi akanifinya kiganja, kwa nguvu zile zile alizokuwa akitufinyia utotoni, nikanyamaza.

Binti akageukia toroli, akachukua trei ile nyingine. Akasimama kando ya kitanda, akainua kichupa na kuanza kusoma. Shangazi, bila sauti, akachezesha midomo pamoja naye hadi neno la mwisho, kisha akanyoosha mkono achomwe.