Santuri ya Mjomba na Pasi ya Mkaa

Nakumbuka Alhamisi moja ya jua kali, mwanangu, nyumbani kwetu Kariakoo, nilipoharibu kwa mkono wangu kitu ambacho bado kingeweza kupona.

Mjomba Saidi, kaka yake mama, alikuwa mpiga gitaa la besi wa bendi ya dansi. Baharia mmoja alimpa santuri, akaipenda kama mboni ya jicho lake. Humo mwimbaji analia bluzi kama aliyefiwa, lakini chini yake besi inatamba kwa mdundo wa fanki na ngoma za konga za Kilatini zinakataa kabisa kukaa matanga. Nilikatazwa kuigusa. Basi, si unajua wasichana wa miaka kumi na sita, nikaigusa.

Niliipiga wakati Mjomba yuko soko la Feri kununua samaki, kisha nikaisahau dirishani. Niliporudi jua limeipinda kama chapati. Jumapili wenzake walikuwa waje kujifunza wimbo ule, na kiongozi wa bendi alishamwambia kwamba wimbo mpya ukikosekana, besi atapewa mwingine.

Ningesema siku ile ile. Badala yake nikaifunika kwa kanga, nikaipitishia pasi ya mkaa ili inyooke. Harufu yake bado ninayo puani. Nikairudisha kwenye jalada, na kwa siku tatu nikawa naacha chakula sahanini. Mjomba akikohoa tu chumbani, mimi nakimbilia uani. Mama akadhani nina homa, akanichemshia mwarobaini, nikaunywa wote kwa woga.

Jumapili wakaja. Sindano ya gramafoni ikaigusa, ikakoroma. Mjomba akaiinua santuri kwenye mwanga, akaona ilipoungua.

"Zuhura, nani kaipiga pasi?"

"Ni mimi, Mjomba. Ilipinda juani, nikaogopa."

"Ingekuwa imepindwa na jua tu, ningeinyoosha. Ningeibana kati ya vioo viwili na mzigo juu, siku mbili tu. Ungeniambia Alhamisi."

Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Besi akapewa mwingine. Mjomba akaenda kubeba magunia bandarini, na sikumsikia tena akipiga mluzi.

Santuri ninayo mimi sasa. Upande mmoja bado unaimba. Ule ulioungua sijathubutu kuugeuza.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Nyinyi wa leo mnafuta meseji mkidhani mmefuta na kosa. Ukikosea, sema kosa likiwa bichi, hata kama sauti inatetemeka, kwa maana huenda unayemwogopa ndiye mwenye vioo viwili. Mungu akujaalie ulimi wa kuwahi, na akuwekee mtu wa kumwambia.