Funguo Chini ya Gari la Mzee Wendell

Nje ya kliniki ya wanajeshi wa zamani, Delbert Stroud alishuka kwenye pikapu yake kama mtu anayeigiza, na kweli nusu alikuwa anaigiza. Mguu wa kushoto ulimuuma haswa. Tangu aanguke kwenye lori jeshini, mshipa ulikuwa ukimchoma kutoka kiunoni mpaka kisigino. Lakini siku ile aliuburuta kupita kiasi, maana askari wenzake wa zamani walishamtia maneno: "Daktari wa fidia anakuchungulia dirishani tangu unafunga mlango wa gari. Ukitembea vizuri tu, umekwisha."

Ombi lake la kwanza la fidia ya kuumia jeshini lilikuwa limekataliwa, na kosa lilikuwa lake. Daktari alimuuliza habari za leo, naye, kama walivyomlea huko Oklahoma, akajibu, "Niko sawa, siwezi kulalamika." Ikaandikwa hivyo hivyo. Mtu mzima ambaye mkewe Lorna ndiye anayemvisha soksi kila asubuhi! Tangu hapo Delbert alimshuku kila mtu, hata mleta barua. Na leo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Hatua chache mbele, mzee mwenye kofia ya jeshi la majini alisimama kando ya gari lake. Funguo zilikuwa zimemdondoka, zikalala karibu na tairi.

"Kijana, hebu niokotee hizo."

Delbert akacheka moyoni. Mtego wa kitoto kabisa huo.

"Waambie waliokutuma waje waokote wenyewe," akasema, akapita zake akichechemea kwa bidii.

Ndani, Daktari Pruitt, mama mpole, alimuuliza maswali, na kila swali Delbert aliligeuza huku na huku kwanza. Unalala vizuri? Inategemea. Unaweza kukaa kwa muda gani? Kwa nini unataka kujua? Yule mama akaweka kalamu chini, akashusha pumzi. Hapo Delbert akazungusha macho kulitafuta lile dirisha. Aliona kuta nne na kalenda, basi.

"Mnatuchungulia wapi tukishuka garini?"

"Nani awachungulie, Bwana Stroud? Niko peke yangu hapa, na dirisha sina. Natamani ningekuwa nalo."

Aibu ikamshika. Akamuomba dakika moja, akatoka.

Mzee alikuwa bado pale pale, ameegemea gari, jasho linamtiririka.

"Nisamehe, mzee wangu. Nilidhani wamekuweka unipime."

"Hata mimi, uliponijibu vile, nikajua wewe ndiye jasusi wao," mzee akasema. "Nikajiambia, Wendell, ukiinama hapa fidia imekwenda. Nikakaa na jua langu."

Delbert akainama. Funguo alizipata, lakini mshipa ukamkaba palepale, asiweze kushuka wala kupanda. Safari hii hakuwa anamwigizia mtu. Machozi yakamdondokea kwenye lami, naye hakuyafuta.

"Inauma," akasema. "Miaka yote hii inauma, mzee. Usiku silali. Nimechoka, na Lorna nimemchosha."

"Sasa mimi unaniambia ya nini?" mzee akamuuliza taratibu, akaonyesha kwa kidevu. Daktari Pruitt alikuwa amemfuata, amesimama mlangoni. "Mwambie yule."

Delbert, akiwa bado amepinda na funguo mkononi, akageuza kichwa, akamwambia.