Namba ya Pipa na Yangu

Jirani yangu tunamwita Pipa, kwa kifua chake. Miaka arobaini amebeba magunia kwenye ghala la nafaka. Mimi ni fundi cherehani. Tulioa mwaka mmoja. Mke wake yupo. Wangu nilimzika miezi saba iliyopita.

Sifichi, namwonea wivu. Kila asubuhi nasikia ng'ambo ya ukuta, "Wee mzee, chai yako inapoa!" Yangu inapoa hakuna wa kusema.

Siku ya vipimo zahanati, mkewe alimshika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikawafuata. Nilitaka kusikia Pipa akiambiwa anaumwa. Mungu anisamehe.

Nesi akampima uzito, kisha urefu. Akaeleza kwamba kilo zinagawanywa kwa mita za urefu zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe. Pipa akapata thelathini na moja.

"Imezidi, mzee. Kawaida haifiki ishirini na tano."

Roho yangu ikatulia.

"Lakini hiki ni kipimo cha kuchuja tu," nesi akaendelea. "Kinatuonyesha wa kuangaliwa zaidi. Hakijui misuli na mafuta."

Akampima kiuno, presha, sukari. Vyote salama.

"Si nilikwambia ni magunia hayo?" mkewe akacheka. "Nimeolewa na kuli, nikapewa na mzigo wake!"

Zamu yangu. Ishirini na mbili.

"Safi kabisa, babu. Anayefuata!"

"Fundi, leo umenipiga bao," Pipa akasema. Ningefurahi, lakini yeye ndiye aliyekuwa ameshikwa mkono.

"Nesi, ngoja kwanza," mkewe akasema. "Shemeji, hebu geuka. Nesi, ona huo mshono wa suruali. Ameipunguza mara mbili tangu dada atutoke. Anajishonea mwenyewe, ndiyo maana watu hawaoni anavyokwisha."

Kweli. Kila ilipolegea niliipeleka kwenye cherehani. Sikudhani kupungua ni habari ya kumwambia mtu.

Nesi akaweka kalamu chini. "Umepungua kilo ngapi, babu?"

Sikujua.

"Unakula na nani?"

Nikaanza kuvuta uzi uliolegea kwenye suruali.

"Namba yako nzuri, ila kupungua hivi bila sababu hatuachi. Jumatatu tukupime damu. Uje na mtu wa nyumbani."

"Nitamleta mimi," Pipa akadakia. "Na kuanzia leo anakula kwetu. Huyu mama atupigie kelele wote wawili."

Wivu ukanipanda. Nilitaka kukataa. Nikamuuliza shemeji wanakula saa ngapi.